Tuyaandike madeni yetu tungali hai

  

Ni ada katika miji yetu, jeneza linapowekwa mbele ya safu, kusimama msemaji wa familia na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu awaone warithi wake. Mara nyingi tangazo hilo hupita kama maneno mengine ya msibani. Lakini katika maziko mamoja tuliyohudhuria, walijitokeza watu saba kabla watu hawajatawanyika makaburini. Alikuwemo mwenye duka la jirani, shemeji wa marehemu, mweka hazina wa kikundi, na kijana aliyeshika karatasi ya mkopo wenye riba. Mjane aliyeishi na marehemu chini ya paa moja kwa miaka 19 hakuwa na habari ya deni hata moja. Marehemu hakuwa mtu wa anasa wala wa kamari. Alikuwa mtu wa safu ya kwanza, mpole, mwenye haya, na haya hiyo ndiyo iliyomfanya akope huku ili alipe kule, bila ya kumwambia yeyote nyumbani kwake.

Kwa ajili hiyo, leo tumeona tuzungumze na familia za Kiislamu juu ya deni, na hasa deni la siri. Deni likijulikana na watu wa nyumba huweza kupangiwa njia ya kulipwa. Likifichwa huzaa deni jingine, na mwisho wake hurithiwa na mayatima.

Uzito wa deni

Imepokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Salama bin Al-Akwa'i (R.A.) kwamba liliwahi kuletwa jeneza mbele ya Mtume (S.A.W.), naye akauliza kama maiti ana deni na kama ameacha kitu. Alipoambiwa kuwa hakuacha kitu na anadaiwa dinari tatu, aliwataka masahaba wamswalie mwenzao, yeye mwenyewe akajizuia. Hakumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) aliposimama na kusema kwamba deni lile liko juu yake. Baadaye, Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu neema, Mtume (S.A.W.) alichukua jukumu la kuwalipia waumini waliokufa na deni bila ya kuacha cha kulipia.

Imepokewa pia na Imam Muslim kwamba shahidi aliyeuawa katika njia ya Mwenyezi Mungu husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Naye Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba ndani ya swala akingwe na deni. Alipoulizwa kwa nini anajikinga nalo mno, alieleza kuwa mtu akiingia katika deni huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Tuyazingatie maelezo hayo. Ni nani miongoni mwetu ambaye hajamsikia mtu akimwambia mwanawe apokee simu na kusema baba hayupo? Deni limemfundisha mtoto uongo kabla mwalimu wa madrasa hajamfundisha ukweli.

Hata hivyo, kukopa si haramu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikopa, na akalipa kilicho bora kuliko alichokopa. Lililo haramu ni kukopa pasi na nia ya kulipa, na kuchelewesha malipo hali ya kuwa uwezo upo, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) ameliita dhulma.

Daftari la nyumba

Aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu deni. Ndani yake Mwenyezi Mungu (S.W.) anawaamrisha waumini waliandike deni pamoja na muda wake wa kulipwa, waweke mashahidi, na wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Sisi husoma aya hii kwa tajwidi nzuri, kisha tukakopeshana dukani kwa maneno matupu.

Tunaishauri kila familia iwe na daftari moja la madeni. Liandikwe jina la mdai, kiasi, tarehe ya kukopa, siku ya kulipa na jina la shahidi. Ukurasa wa pili uwe wa wale tunaowadai sisi. Mume na mke walifungue daftari hilo pamoja kila mwisho wa mwezi, na mahali lilipo pajulikane. Mume asione kuwa hilo linamvunjia heshima, na mke asilifanye silaha ya kumdhalilisha mwenzake. Na mke naye akiwa na deni la vitenge au la mchezo, aliandike humo humo.

Tunao mfano mwema kwa Zubair bin Al-Awwam (R.A.). Siku ya Vita vya Ngamia, mwaka 36 Hijria, sawa na mwaka 656 Miladia, alimwita mwanawe Abdullah na kumweleza kwamba linalomshughulisha zaidi ni deni lake. Akamuusia auze mali na kulilipa. Baada ya kuuawa kwake Abdullah alilihesabu deni hilo akalikuta ni 2,200,000 kwa fedha ya zama zile. Aliuza ardhi, akalipa, na kabla ya kugawa mirathi alitangaza katika misimu minne ya Hija kwamba mwenye kumdai Zubair ajitokeze. Deni lile kubwa halikuwaangamiza watoto, kwa sababu baba alilisema kwa ulimi wake kabla ya kufa. Nasi tukumbuke kwamba kwa mujibu wa Sura An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, urithi haugawiwi ila baada ya kutekelezwa wasia na kulipwa deni.

Mkopo wa kausha damu

Imeenea katika mitaa yetu mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Tutoe hesabu ya mfano. Mtu amekopa shilingi 100,000 arudishe 130,000 mwisho wa mwezi. Mwezi umekwisha, hana zote, akaambiwa alipe zile 30,000 za riba na mkopo uendelee. Akifanya hivyo mwaka mzima atakuwa ametoa shilingi 360,000, na zile 100,000 alizokopa bado anadaiwa vile vile. Mwenye kutafakari hesabu hii ataona sehemu ya hekima ya kuharamishwa riba katika Sura Al-Baqara, aya ya 275 mpaka ya 279.

Siku hizi riba imeingia hata katika simu ya mkononi. Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila ya leseni. Lakini Muislamu asidhani kwamba leseni inaihalalisha riba. Leseni ni sharti la serikali, na halali na haramu zina Mwenyewe.

Aliyekwisha kuingia afanye nini? Atubie, asichukue mkopo mwingine wa riba kwa ajili ya kulipia wa kwanza, na deni hilo alitangulize katika kulilipa. Mwenye haja ya chombo cha kazi, kama vile cherehani au pikipiki, aulizie murabaha katika taasisi zinazofuata sharia, mfano wa Benki ya Amana iliyoanza kazi mwaka 2011. Katika murabaha benki hukinunua kitu kikawa chake, kisha hukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, na bei hiyo haipandi hata ukichelewa.

Mpango wa kulipa

Waswahili wamesema dawa ya deni kulipa, na kila dawa ina kipimo chake. Tuchukue familia inayopata shilingi 400,000 kwa mwezi na kudaiwa madeni manne: 100,000 za mkopo wa riba tuliotaja, 70,000 za dukani, 200,000 za kikundi na 250,000 za shemeji. Jumla ni 620,000. Familia imekubaliana kutenga 80,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza mume anauza simu yake ya pili kwa 50,000, anajumlisha na zile 80,000, na mkopo wa riba unafungwa kwa 130,000. Mwezi wa pili analipwa mwenye duka, ambaye mtaji wake ni mdogo na watoto wake wanakula humo humo. Kikundi na shemeji wanaendewa, wanaambiwa ukweli na kupewa tarehe. Kwa mwendo huo, mwezi wa nane familia itakuwa imemaliza madeni yote na itabakiwa na shilingi 40,000 mkononi.

Ni vyema mdaiwa amwendee mdai wake kabla ya kufuatwa. Mwenye kuja mwenyewe na shilingi 10,000 mkononi hupata usikivu kuliko mwenye kuzima simu.

Kuongeza kipato

Abdulrahman bin Auf (R.A.) alihamia Madina akiwa ameacha mali yake Makka. Saad bin Rabi'i (R.A.) alimtolea nusu ya mali yake. Yeye alimuombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kwa kuuza samli na maziwa yaliyokaushwa, mpaka akawa miongoni mwa matajiri wa Madina. Hakuanza kwa mtaji mkubwa wala hakuanza kwa mkopo.

Nasi tuanze na kilichopo. Yupo anayeweza kukaanga vitumbua asubuhi, kushona kofia za mkono, kufuga kuku wachache wa kienyeji au kufundisha watoto hesabu baada ya Alasiri. Fedha ya kazi hiyo iwekwe mbali na fedha ya mboga, ili ijulikane kama inaleta faida au inakula mtaji.

Hapa pana jambo ambalo waume wengi hughafilika nalo. Pato la mke ni mali ya mke, na matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume. Mke akisaidia kwa ridhaa yake, hiyo ni sadaka yenye malipo mara mbili, kama alivyobainisha Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na Zainab (R.A.), mke wa Abdullah bin Mas'ud: malipo ya kuunga udugu na malipo ya sadaka. Na ikiwa mume amezichukua kwa mkopo, basi ni deni kama madeni mengine, nalo liandikwe daftarini.

Akiba na sherehe

Nabii Yusuf (A.S.), kama tusomavyo katika sura yenye jina lake, aya ya 47 na ya 48, aliwaelekeza watu wa Misri waweke akiba ya mavuno ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Akiba basi haipingani na kumtegemea Mungu. Familia iliyomaliza madeni iendelee kutenga kana kwamba bado inadaiwa, ijapokuwa ni nusu ya kiwango kile. Kibubu cha nyumbani kinafaa kwa kuanzia. Mchezo wa kupokezana, ambao kila mmoja hutoa sawa na kupokea sawa bila ya nyongeza, wanazuoni wengi wa zama zetu wameujuzisha. Ama kikundi kinachokopesha wanachama wake kwa asilimia ya ziada, hiyo ni riba hata kama faida inagawanywa kwa ndugu. Badala yake wanachama wanaweza kufanya biashara ya pamoja, wakagawana faida na kubeba hasara.

Na mahali panapovuja zaidi ni katika sherehe na misiba. Ja'far bin Abi Talib (R.A.) alipouawa shahidi huko Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliagiza familia yake itengenezewe chakula, kwa kuwa imefikwa na yanayoishughulisha. Leo sisi tunawakopesha wafiwa mchele ili watulishe sisi! Harusi nayo tunaifanya ya siku tatu, tukaja kuilipa miaka mitatu.

Neno kwa wanaodai

Katika Sura Al-Baqara, aya ya 280, Mwenyezi Mungu anawataka wanaodai wampe muda mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa, na anabainisha kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Aidha, wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki Zaka katika Sura At-Tawba, aya ya 60. Kamati za misikiti zilikumbuke fungu hilo, na zilitoe kwa siri.

Ama familia ile tuliyoitaja mwanzo, wadai wawili walisamehe papo hapo, mmoja alidhaminiwa na ndugu wa marehemu, na waliobaki walipewa tarehe. Mjane alinunua daftari. Ukurasa wa kwanza aliandika madeni ya mumewe, na wa pili akaandika ya kwake, watoto wake wakubwa wakishuhudia.

Leo baada ya swala ya Ijumaa, na sisi tununue daftari.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tuepukane na haramu Yako, utulipie madeni yetu, na utufishe hali ya kuwa hatudaiwi haki ya mja yeyote. Amin. Wabillahi tawfiq.