Mtoto Kabla ya Chekechea

Uingiapo mwezi wa Desemba, maduka ya sare katika miji yetu hujaa wazazi wanaopimisha watoto wao kaptula na magauni, na ukiyategea sikio mazungumzo yao utaona kwamba aghalabu huwa juu ya mambo mawili, yaani karo, na kama mtoto amekwisha kuzijua herufi. La kwanza namwachia kila mtu na mfuko wake. La pili lastahili kusemwa, kwani naliona limewapoteza wengi: mtoto aendaye chekechea hana haja ya kufika huko na masomo ya chekechea kichwani, bali ana haja ya kuweza kukaa saa chache mbali na mama yake, kuuhudumia mwili wake mwenyewe, na kumwambia shida yake mtu asiyemzoea.

Wala rai hii si yangu peke yangu. Friedrich Froebel, yule Mjerumani aliyefungua skuli yake ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg mwaka 1837, aliwapa wanafunzi wake mipira, vipande vya mbao, nyimbo na bustani ya kupanda. Mombasa nako, katika miaka ya 1980, jamaa za Kiislamu zilipotaka watoto wao wapate elimu ya awali isiyowatenga na dini yao, mwalimu Bi Swafiya Said aliishika kazi iliyozaa skuli za awali za madrasa, ambazo zilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na vifaa vyake vya kufundishia vilitengenezwa kwa vitu vilivyokuwa vikipatikana papo hapo. Leo elimu hiyo ya awali imeingia katika mipango ya serikali: Kenya ina madaraja mawili kabla ya darasa la kwanza, Tanzania Bara ina mwaka mmoja wa elimu ya awali, na Zanzibar, kwa sera yake ya mwaka 2006, imeyaingiza maandalizi katika elimu ya lazima. Ilhali zipo skuli za kulipia zinazomsaili mtoto wa miaka mitatu kabla ya kumpokea, zikamwuliza rangi na tarakimu; mimi husema kwamba usaili wa namna hiyo huipima zaidi hofu ya mzazi kuliko akili ya mtoto.

Mkono wenyewe wa mtoto watufundisha subira. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8, lakini mtoto azaliwapo yote hiyo ingali gegedu laini, ikageuka mfupa mmoja baada ya mwingine kadiri miaka ipitavyo, na wa mwisho haukamilishi safu mpaka mtoto akaribie miaka 10 au aipite. Anayelazimishwa kuandika kurasa za herufi akiwa na miaka minne, basi, anadaiwa kazi ya mkono ambao hajapewa. Mpe donge la unga asukume kichapati chake kando ya mama, mpe mbaazi mbichi amenye, mpe ungo wa choroko atoe vijiwe, mwache acheze mdako na wenziwe. Vidole viwezavyo kuokota kijiwe kimoja baina ya punje ndivyo vitakavyoishika penseli baadaye, bila ya kuikaba kama mpini wa jembe.

Jambo ambalo wazazi huona haya kulitaja, na walimu hulitaja kwanza, ni choo. Mtoto aliyezoea kukalia poti nyumbani huogopa tundu la choo cha skuli, na aliyezoea tundu huogopa choo cha kukalia na kishindo cha maji yake. Tena nyumba nyingi zina neno lao la haja ndogo ambalo mwalimu hawezi kulifahamu, mtoto akalitamka mara mbili, asijibiwe, akajikojolea. Mfundishe mapema kusema, “Mwalimu, naomba kwenda chooni,” na umpitishe katika choo cha namna ile atakayoikuta. Mnunulie kaptula ya mpira kiunoni, kwa maana kulabu na zipu ngumu ni adui wa mtoto aliyebanwa. Kadhalika na chakula: mwache akifungue kikasha chake na chupa yake ya maji mbele yako, usimsaidie, hata mfuniko ukimchukua dakika nzima.

Kisha kuna kuagana. Wako wanaomghafilisha mtoto kwa kigari, wakanyemelea mlango wakatoweka, na siku ya pili wakastaajabu kwamba hataki kuliachia vazi la mama tangu kitandani. Muage waziwazi na kwa ufupi, ukampa ahadi anayoweza kuipima. “Nitakuja saa sita” halina maana kwa asiyejua saa, lakini “mkishanywa uji, mkaimba, mkavaa mikoba, utaniona” analishika vizuri. Ahadi hiyo lazima itimie. Zoezi lake laweza kuanza nyumbani kwa bibi au kwa shangazi, saa moja leo, asubuhi nzima wiki ijayo.

Usingizi nao una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2019, limemwekea mtoto wa miaka 3 na 4 saa 10 hadi 13 kwa siku. Kwa hiyo atakayeamshwa saa kumi na mbili asubuhi awe amelala saa mbili usiku, na ada hiyo ianze majuma mawili kabla ya skuli. Masikio nayo yasisahauliwe: asiyeitika aitwapo kutoka nyuma, kabla hujamwita mkaidi, mpeleke akapimwe.

Mwezi wa kwanza atarudi amechoka na mwenye kununa, na huenda akakojoa kitandani ilhali alikwisha acha, hilo hupita. Usimsaili amejifunza nini, mwulize alikaa na nani. Ikiwa majuma yamepita naye angali akilia, nenda umwulize mwalimu mtoto hulia saa ngapi na mahali gani, kwani anayelia langoni tu na anayelia kila apelekwapo chooni hawana shida moja.