Neno «Sifai»

Watoto, wito ni nini? Wito ni sauti ya Mungu anayemwita mtu afanye kazi fulani kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake. Mmoja anaitwa awe baba au mama wa jamaa ya Kikristu. Mwingine anaitwa awe mwalimu, au mwuguzi, au mtawa, au padri. Sauti hiyo haisikiki masikioni kama ngoma. Yasikika moyoni polepole: mtu anaipenda kazi ile, anaifikiri wakati wa sala, na wakubwa wanaomjua wanaona pengine wito huo ni wa kweli.

Lakini mara nyingi yaja sauti ya pili, yasema: «Wewe hufai. Akili yako ni ndogo. Waachie wengine.» Sauti hiyo ni ya zamani sana. Mungu alipomtuma Musa kwa Farao, Musa alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Yeremia naye alijitetea kwamba yeye ni kijana mno. Mungu hakumwambia Musa kwamba ulimi wake ni mwepesi. Alimwahidi kuwa pamoja naye, kisha akampa ndugu yake Aroni awe msemaji wake.

Tazameni sasa mtu mwingine aliyesema «sifai», Mtakatifu Jean-Marie Vianney. Alizaliwa mwaka 1786 huko Ufaransa, katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon. Wazazi wake walikuwa wakulima. Siku zile za mapinduzi mapadri waliwindwa, hata Jean-Marie alipokea Komunyo ya kwanza kwa siri nyumbani mwa watu. Alichunga kondoo na kulima. Shuleni alisoma kidogo sana.

Alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi, alianza kusoma kwa Padri Balley, paroko wa Écully, ili apate kuwa padri. Kilatini kilimshinda. Aliyojifunza jioni, asubuhi yalikuwa yamemtoka kichwani. Wenzake walikuwa wadogo kuliko yeye, nao walimpita. Akakata tamaa, akataka kurudi shambani kwa baba yake. Padri Balley hakumcheka, wala hakumdanganya kwamba ana akili nyingi. Alimsihi asiache. Basi Jean-Marie akaenda kuhiji kwa miguu mpaka La Louvesc, penye kaburi la Mtakatifu Jean-François Régis, akiomba chakula njiani. Aliporudi, Kilatini kilikuwa kigumu bado, lakini alipata nguvu ya kuendelea.

Mwaka 1813 aliingia seminari kubwa ya Lyon. Masomo yote yalikuwa kwa Kilatini, naye hakuweza kujibu. Baada ya miezi michache akarudishwa. Padri Balley akampokea tena, akamfundisha kwa Kifaransa, akamwombea kwa wakubwa wa Kanisa. Nao walitazama pia sala zake na mwenendo wake mwema, wakamkubali. Alipewa upadri mjini Grenoble tarehe 13 Agosti 1815, akiwa na miaka 29.

Mwaka 1818 alitumwa Ars, kijiji kidogo chenye watu 230 hivi. Wengi wao hawakujali siku ya Bwana. Padri Vianney aliamka usiku kusali mbele ya Sakramenti takatifu, akafundisha watoto katekisimu, akawatembelea watu nyumbani mwao. Polepole Ars ikageuka. Kisha watu wakaanza kuja kutoka mbali, maelfu kila mwaka, ili waungame kwake. Siku nyingine alikaa penye maungamo hata saa 16. Yule aliyeshindwa kuwajibu walimu wake, sasa aliwajibu wakosefu, nao wakaenda zao na amani.

Je, sasa alijiona anafaa? Hapana. Aliogopa mpaka uzee wake. Mwaka 1843 aliondoka Ars, akaenda Dardilly. Lakini watu walimfuata, naye akarudi. Mwaka 1853 alitaka kuondoka tena usiku. Watu wakapiga kengele, wakamzuia. Akarudi kanisani, akakaa tena kusikiliza maungamo. Alikufa Ars tarehe 4 Agosti 1859. Mwaka 1925 Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza kuwa mtakatifu, na mwaka 1929 akamweka kuwa msimamizi wa maparoko wa dunia yote.

Watoto, kuna «sifai» mbili. Ya kwanza ni ya mnyenyekevu. Yeye husema: «Sifai peke yangu, nisaidieni.» Ya pili ni ya mwoga au mvivu. Yeye husema: «Sifai», kisha anafunga kitabu. Ya kwanza yafungua mlango kwa neema ya Mungu, ya pili yaufunga. Usingoje hofu iishe ndipo uanze. Hofu ya Padri Vianney haikuisha, na kazi yake ikafanyika.

Katika nchi yetu ya Kongo, Stefano Kaoze alipewa upadri mwaka 1917 huko Baudouinville, mji unaoitwa leo Moba. Alisoma miaka mingi, wala hakuwa na padri mwenzake wa nchi hii wa kumtangulia darasani. Njia haikuwa imekanyagwa. Alitembea hivyo hivyo.

Basi ukisikia wito, fanya mambo matatu. Sali kila siku. Mwambie mkubwa mmoja unayemwamini. Tena fanya vizuri kazi ya leo, hata ikiwa ni hesabu inayokushinda. Usijihukumu peke yako. Anayeita ni Mungu, naye ajua amemwita nani.

Maulizo
1. Musa alijitetea namna gani? Mungu alimpa msaada gani?
2. Kwa nini Jean-Marie alirudishwa kutoka seminari?
3. Eleza «sifai» ya mnyenyekevu na «sifai» ya mvivu. Toa mfano wa kila moja.