Injini Inapozimika-zimika Uwanjani

Mvua za Septemba zinaponyesha nchini Uganda, nyasi za viwanja vya gwaride hukua upesi, na sikukuu ya Uhuru ya tarehe 9 Oktoba huwa imekaribia. Hapo ndipo mashine ya kukatia nyasi, ile inayoendeshwa dereva akiwa ameketi, huanza kuzimika-zimika, na askari wengine hukimbilia kuifungua yote. Askari hodari hafyatui risasi kabla ya kumtambua adui. Basi na achunguze kwanza injini huzimika wakati gani.

Ikizimika baada ya dakika 15 hivi za kazi, legeza mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio, tundu la mfuniko limeziba na petroli haitoki, lisafishe. Ikizimika unapoinuka kidogo au gurudumu linapoingia shimoni, kagua swichi iliyo chini ya kiti. Hiyo iliwekwa ili injini na visu visimame dereva akianguka. Ni marufuku kuiunganisha kwa waya ili isifanye kazi. Ikikohoa kabla ya kuzimika, tafuta maji katika petroli, chujio lililoziba, au uchafu ndani ya kabureta. Ikizimika ghafla ikiwa moto, nayo ikawaka tena ilipopoa, shuku koili.

Kabla ya kugusa visu, zima injini, toa ufunguo, kisha chomoa waya wa plagi. Nyasi hukatwa zikaota tena, kidole hakioti.