Antena Inayopima Udongo

Askari ye yote wa mawasiliano aliyepata kutandika waya wa simu ya upepo juu ya majani, kwa kukosa mti au kwa kuchelea kuonekana, anaijua kero hii. Simu iliyosikika barabara jana, leo inakoroma tu. Mtambo ni ule ule, betri imejaa, masafa hayakuguswa. Kilichobadilika ni mvua iliyonyesha usiku. Wengi huulaumu mtambo, na mafundi huufungua bure. Ardhi nayo ni sehemu ya antena, na mwenye kujua kuusikiliza waya wake aweza kutambua ni udongo wa namna gani aliolalia.

Tuchukue mfano wa Kabeza, mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe, jijini Kigali. Tuseme askari ana waya wa mita 20.4, ulioungwa na mtambo katikati yake. Akiuning'iniza juu, mbali na paa na miti, utaitika vema katika masafa ya megahezi 7. Sasa na aushushe na kuulaza juu ya udongo mwekundu wa Kabeza. Waya haukuongezwa hata inchi moja, lakini mwitikio wake waweza kushuka hadi karibu na megahezi 5, kana kwamba umerefuka. Sababu ni kwamba mawimbi hayaendi kwa kasi ile ile yakigusa udongo. Hukawia, na waya huona kukawia huko.

Kuna sifa mbili za kutazamwa hapa, nazo zisichanganywe. Ya kwanza ni uwezo wa kitu kuweka akiba ya nguvu ya umeme ndani yake. Hewa huhesabiwa kuwa 1, mchanga mkavu 3 hadi 5, udongo ulioshiba maji 20 au zaidi, na maji matupu hufika 80. Ndiyo maana mvua ya usiku mmoja hutosha kuvuruga hesabu yote. Sifa ya pili ni wepesi wa kupitisha umeme, ambao huila nguvu ya mawimbi na kuigeuza kuwa joto. Sifa ya kwanza hushusha masafa ya waya. Ya pili huufanya mwitikio uwe butu. Mwenye chombo kidogo cha kupimia antena, kinachotosha kiganjani siku hizi, huyaona mambo hayo mawili kwa mara moja. Akipima mwezi wa Julai wakati wa kiangazi, kisha akarudia mwezi wa Aprili pale pale, atapata tarakimu mbili zisizofanana, na tofauti hiyo ndiyo habari ya udongo wenyewe.

Jambo hili halikuishia duniani. Mwezi wa Desemba 1972, wanaanga wa Apollo 17, Eugene Cernan na Harrison Schmitt, walitandaza juu ya Mwezi antena mbili zilizokingamana, kila moja ikiwa na urefu wa mita 70. Hawakuziinua juu ya milingoti. Walizilaza chini makusudi, kama askari wetu wa Kabeza. Mtambo ulipeleka mawimbi ya masafa sita, kuanzia megahezi 1 hadi 32, na kipokezi kilichukuliwa juu ya gari lao lilipokuwa likienda mbali. Mawimbi yalipita ndani ya ardhi ile kwa wepesi mkubwa, dalili ya ukavu usio na mfano hapa kwetu.

Lakini kwa msomaji aliye askari, mahali ambapo hesabu hii huokoa maisha ni penye mabomu yaliyotegwa ardhini. Rwanda iliyajua mabomu hayo tangu vita vilivyoanza mwaka 1990, na haikutangaza kwamba imeyamaliza mpaka mwaka 2009, katika mkutano wa Cartagena, Kolombia; askari wake walikuwa miongoni mwa waliotambaa kuyategua. Bomu la plastiki huwa na chuma kidogo mno, na udongo mwekundu wenye madini ya chuma huweza kukifanya chombo cha kutafutia chuma kilie pasipo na kitu. Kwa hiyo vimetengenezwa vyombo vinavyounganisha kitafuta chuma na antena ya rada, na vimetumika Kambodia na Angola.

Rada hiyo haitafuti chuma. Hutafuta mahali ambapo sifa za ardhi hubadilika ghafula. Plastiki na baruti ya TNT zina kiasi cha 3. Mchanga mkavu nao una 3 au 4. Bomu likizikwa humo, mawimbi hupita yakidhani yote ni kitu kimoja! Mvua ikinyesha, udongo hupanda hadi 15 au 20, na bomu hujitokeza kama shimo tupu. Je, basi tuombe mvua? La. Udongo wa mfinyanzi uliolowa huyameza mawimbi kabla hayajafika chini na kurudi. Baina ya ukavu unaoficha na umajimaji unaomeza pana nafasi ndogo, na mtu hawezi kuijua kwa kukanyaga.

Hivyo kazi ya kwanza ya antena asubuhi ni kupima uwanja, kabla ya kutafuta bomu lo lote. Sehemu ya mawimbi hurudishwa na uso wa ardhi, na nguvu ya mwangwi huo hueleza sifa ya udongo wa siku hiyo. Kisha bomu la bandia huzikwa katika udongo ule ule, kwa kina kinachojulikana, chombo kikajaribiwa juu yake. Kisiposikia la bandia, hakitumiwi kutafuta la kweli; mteguaji hulala kifudifudi na kuuchoma udongo polepole kwa kijiti chake, kimeinamishwa kwa nyuzi 30.