Kwa nini wahandisi hupima hewa ndani ya jaa la taka

ELDORET ilipotawazwa kuwa jiji la tano la Kenya mnamo Agosti 15, 2024, nchi jirani ya Uganda ilikuwa katika majonzi. Siku tano kabla, jaa la Kiteezi karibu na jiji la Kampala liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Kwa wakazi wa Eldoret, ambao kwa miaka mingi taka zao zilirundikwa katika jaa la Huruma, ni muhimu kujua kinachoendelea ndani ya lundo la aina hiyo.

Mabaki ya vyakula yanapooza pasipo na hewa, bakteria huzalisha methani na kaboni dayoksaidi, takriban nusu kwa nusu. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja hutosha kuilipua. Gesi isipopata njia, hujikusanya na kulisukuma lundo kutoka ndani. Nayo hewa ikiingia ovyo, moto huweza kufukuta chini kwa chini kwa muda mrefu.

Ndiyo sababu wahandisi hupima urahisi wa hewa kupita katika taka. Huchimba shimo jembamba, wakaingiza bomba lenye matundu upande wa chini, kisha wakaziba sehemu ya juu kwa udongo wa mfinyanzi. Pampu hufyonza hewa kwa kiasi kinachojulikana, huku mabomba mengine yaliyosimikwa kandokando yakionyesha kupungua kwa shinikizo. Likishuka mno ilhali hewa inayotoka ni kidogo, taka zimeshikamana. Hesabu yake inatokana na kazi ya Mfaransa Henry Darcy, aliyechunguza mwendo wa maji katika mchanga mwaka 1856.

Kipimo kimoja hakitoshi. Taka za chini hukandamizwa na uzito wa zile za juu, na mvua hujaza maji mianya ambayo hewa ingepitia.

Katika jaa la Kang'oki, Thika, imetumiwa mbinu ya Fukuoka kutoka Japani, ambapo mabomba huondoa majitaka na kuruhusu hewa kuingia ili methani ipungue. Lakini mabomba yakisimikwa mahali ambapo hewa haipenyi, fedha za umma huzikwa pamoja na taka.