Mchimbaji Naye Ajifunze Elimu ya Nafsi

Wako watu wanaodhani ya kuwa elimu ya nafsi, au saikolojia kama iitwavyo vyuoni, ni mali ya madaktari na maprofesa, wala haimhusu mtu aamkaye alfajiri pale Masumbwe akashika sururu na kamba kwenda kwenye duara. Dhana hiyo twaipinga waziwazi. Elimu hii haichunguzi wagonjwa wa akili peke yao. Huchunguza jinsi mtu yeyote aonavyo, akumbukavyo, aogopavyo, azoeavyo na aaminivyo. Na kwa kuwa mambo hayo hutendeka kichwani mwa mwenye karasha kama yatendekavyo kichwani mwa waziri, hapana haki ya kumpa mmoja elimu hiyo na kumnyima mwingine. Tena ni elimu changa. Maabara yake mashuhuri ya kwanza ilifunguliwa na Wilhelm Wundt mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, wakati Mirambo angali hai akitawala katika Unyamwezi, jirani na nchi ya Wasumbwa.

Watu watauliza: mchimbaji atajifunzia wapi? Jibu ni kwamba atajifunzia nyumbani kwake, na jambo hilo si geni katika nchi hii, wala si geni Kanda ya Ziwa. Mradi mkubwa wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO kuanzia mwaka 1968, uliendeshwa katika mikoa ya Ziwa, na makao yake yalikuwa Mwanza. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aende shule na walimu hawakutosha, serikali haikungoja vyuo vijengwe. Kati ya mwaka 1976 na 1984 waliandikishwa vijana wapatao 45,000 wakawa walimu huku wakijifunza ualimu: mchana walifundisha, na nje ya saa za kazi walisoma vijitabu vya masomo na kusikiliza vipindi vya redio. Kwa sheria ya mwaka 1992 kikaundwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho mwanafunzi wake hana haja ya kuacha kazi wala kuhama kwake, nacho kina vituo mikoani, Shinyanga na Geita vikiwemo. Na asiyekuwa na vyeti vya kuingilia chuo hakufungiwa mlango. Viko vitabu vizima vya utangulizi wa saikolojia vinavyotolewa bure katika mtandao, kama kile cha OpenStax kilichotoka kwanza mwaka 2014, navyo husomeka hata kwa simu ya mkononi. Masumbwe i kando ya barabara kuu itokayo Isaka kwenda Lusahunga. Si mahali palipojificha.

Lakini kwa nini elimu hii hasa, wala si uhasibu au ufundi wa umeme? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Kila mchimbaji mdogo ajua ya kuwa dhahabu haina mshahara. Mtu aweza kuchimba miezi mitatu asione kitu ila kifusi, na jirani yake akakuta mshipa wa dhahabu kwa siku mbili. Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alichunguza kwa miaka mingi mambo ya namna hii, naye pamoja na mwenzake Ferster wakachapisha matokeo yao mwaka 1957. Waliona ya kuwa kiumbe alipwaye kila mara atendapo jambo huacha upesi malipo yakikoma. Bali yule alipwaye kwa nasibu, leo ndiyo, kesho siyo, huendelea muda mrefu sana hata pasipo malipo. Mwenye kuusoma ukweli huo hatashangaa tena kumwona ndugu yake ameuza ng'ombe, akauza na baiskeli, naye bado asema wiki ijayo duara litatoa. Wala hatamwita mjinga. Atajua ya kuwa malipo ya nasibu yana nguvu juu ya kila nafsi, na kwamba mwenye kutaka kuokoka yampasa aweke mpaka wa fedha na wa siku kabla hajaingia shimoni.

Skinner huyo alifanya jaribio jingine, akalitangaza mwaka 1948, nalo ndilo twapenda kila mkazi wa ukanda wa dhahabu alisikie. Aliwatia njiwa wanane wenye njaa vizimbani, kila mmoja peke yake, akaweka mtambo wa kuleta chakula kila baada ya muda uliopimwa, njiwa afanye lolote au asifanye. Baada ya muda, njiwa sita kati ya wanane walikuwa wamejizulia ibada zao. Mmoja alizunguka kizimbani, mwingine alisukuma kichwa pembeni juu, wengine waliyumbisha kichwa na mwili huku na huku. Skinner alieleza ya kuwa kila mmoja alikuwa akifanya jambo fulani chakula kilipotokea, naye akalirudia kana kwamba ndilo lililokileta. Yafaa tuseme pia ya kuwa mwaka 1971 wataalamu wawili, Staddon na Simmelhag, walirudia jaribio hilo wakaona ya kuwa mengi ya matendo hayo ni desturi ya njiwa angojeaye chakula. Mabishano hayo hayajaisha. Hata hivyo mchimbaji aliyechinja kuku mweupe usiku, na asubuhi akapata dhahabu, atajitambua mara moja katika habari hii.

Tofauti moja ni kubwa. Njiwa hana wa kumdanganya, mchimbaji anaye. Yupo mtu amngojeaye mlangoni mwa bahati yake, mwenye kuuza dawa ya nyota na ya mvuto. Dawa ikifuatwa na dhahabu, sifa ni za mganga. Isipofuatwa, kosa ni la mteja, na dawa yenye nguvu zaidi yahitajiwa. Ngazi hiyo haina mwisho, na wako waliopanda hadi damu ya mtu. Mnamo Septemba 2009 Mahakama Kuu, katika kikao chake cha Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino, katika wilaya ya Bukombe. Wakati huo Masumbwe yenyewe ilikuwa ndani ya wilaya hiyo, maana wilaya ya Mbogwe na mkoa wa Geita vilizaliwa mwaka 2012. Mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wao juu ya wachimbaji wadogo na mauaji haya, wakaonyesha jinsi tamaa na wasiwasi wa kazi ya dhahabu vilivyokutana na biashara ya waganga. Watu wenye ualbino ni wengi kwetu kuliko Ulaya. Hesabu itajwayo sana ni mtu mmoja katika kila watu 1,400. Ni watoto wa majirani zetu, na mama zao wamekuwa wakiwafungia ndani jua likitua.

Polisi na mahakama vina kazi yao. Lakini hukumu huja baada ya mtoto kufa, na imani iliyomwua hubaki kichwani mwa watu ambao hawakushtakiwa. Ndiyo maana twasema elimu ya nafsi ni silaha ya mfanyakazi. Somo moja dogo latosha kuanzia. Chukua daftari, gawanya ukurasa sehemu nne: siku nilizotumia dawa nikapata, siku nilizotumia nisipate, siku ambazo sikutumia nikapata, siku ambazo sikutumia nisipate. Wachimbaji wa duara moja waandike hivyo miezi mitatu bila kuficha. Wataalamu wameonyesha mara nyingi ya kuwa akili ya mwanadamu huikumbuka ile sehemu ya kwanza na kuzisahau tatu zilizobaki. Daftari halisahau.

Sasa juu ya namna ya kujifunza, maana wengi huanza kwa moto na kuishia sura ya pili. Sisi tuliosoma shule za misheni tulizoezwa kukariri katekisimu mpaka tukaweza kuisema usingizini, na wengi wetu hudhani hadi leo ya kuwa kusoma ni kurudia ukurasa mara kumi. Elimu ya nafsi yenyewe yatukosoa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanya yeye mwenyewe kuwa mwalimu na mwanafunzi, alichapisha mwaka 1885 majaribio ya kukariri silabi zisizo na maana, akaona ya kuwa sehemu kubwa ya alichokariri hupotea ndani ya saa ya kwanza, kisha upotevu huenda polepole. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa Marekani, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara nne. Jingine liliisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kujaribu mara tatu kuikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walishinda. Baada ya wiki moja, walikumbuka kama asilimia 40 tu, na wale waliojitahini wakakumbuka asilimia 61. Basi mtu wa Masumbwe asome kurasa tatu, afunge kitabu, amweleze mkewe au mumewe alichosoma, arudie baada ya siku mbili, tena baada ya wiki.

Wala asimeze kila kitu. Mwaka 2008 mtaalamu Jeffrey Arnett alionyesha ya kuwa katika majarida makuu ya saikolojia ya Marekani, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda. Vitabu husema «mwanadamu» na kumbe husema habari za wanafunzi wa chuo fulani. Joseph Henrich na wenzake walipocheza mchezo wa kugawana fedha katika jamii 15 ndogo, wakitoa habari zake mwaka 2001, Wahadza wa bonde la Eyasi walitoa kwa wenzao theluthi moja hivi, ambapo wanafunzi wa vyuo vya Magharibi hutoa karibu nusu. Na hao Wahadza ndio wagawanao nyama ya mawindo kambi nzima. Mwanafunzi wa kwetu anapokuta sheria ya nafsi kitabuni, aulize ilipimwa kwa nani. Wala kozi ya utangulizi haimfanyi mtu tabibu: mwenye ndugu anayesikia sauti zisizokuwapo ampeleke hospitali ya wilaya, na ikibidi Mirembe, Dodoma, asimtibu kwa sura ya kumi na tano.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Vitabu vingi vya fani hii ni vya Kiingereza, na vya Kiswahili ni vichache. Kwa sababu hiyo mtu asisome peke yake. Mwaka 1973 kampeni ya «Mtu ni Afya» iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kuzungumza. Mtindo huo wafaa hata leo. Wachimbaji watano au sita wakutane Jumapili alasiri, pamoja na mwalimu mmoja wa shule ya msingi awezaye Kiingereza. Asome aya, aieleze kwa Kiswahili, na penye mzee asiyeelewa, kwa Kisumbwa au Kisukuma. Wanawake wapondao mawe nao waitwe, maana wao hawana duara bali wana watoto. Kikundi kianze na sura ya kujifunza, si ile ya ubongo ambayo huwachosha wengi, kisha kifungue lile daftari la sehemu nne. Na mganga wa mtaa akitaka kulitazama, apewe kiti.