Dili zako zimefika hatua gani?

Wadau, hii ni ya wale mnaouza kwa kamisheni. Bosi anauliza mwezi huu zinaingia ngapi, na wewe unajibu kwa matumaini tu. Mteja kasema "nitakupigia", tayari ushahesabu hela.

Programu za kusimamia wateja zinajaribu kututoa huko. Chukua Salesforce, ya kampuni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1999. Kila dili unaliandikia mteja, kiasi cha pesa, tarehe unayotegemea kulifunga na hatua lilipo. Kila hatua ina asilimia yake. Programu ikiwa haijaguswa, kutafuta mteja ni 10, kuchambua mahitaji yake 20, kumpa bei 75, kujadiliana 90, ukishinda 100, ukikosa sifuri. Ukisogeza hatua, asilimia inabadilika yenyewe.

Tuseme shule inataka kompyuta za milioni 8 na profoma umeshapeleka: 75% ni milioni 6. Duka la dawa la milioni 5, ndiyo kwanza mnaongelea mahitaji: 20% ni milioni 1. Ripoti itakuambia tegemea milioni 7. Lakini kwa dili mbili saba haiji kamwe! Utapata 13, au 8, au 5, au patupu. Hesabu hii inasaidia ukiwa na dili nyingi, siyo mbili.

Halafu hizo asilimia wameziweka watengenezaji, hawaijui shule yenu inayosubiri ada. Rudi kwenye kumbukumbu zako: profoma 10 za mwaka jana, ngapi zililipwa? Kama ni 3, andika 30.

Ugonjwa mkubwa hauko kwenye programu, uko kwetu. Tunasogeza dili kwa sababu sisi tumefanya kitu. Profoma ni karatasi ya bure jamani, wengine wanakusanya tatu kutimiza utaratibu tu na wa kupewa kazi wanamjua. Sogeza pale mteja anapofanya kitu: katoa LPO, kalipa advansi. Na dili ambalo tarehe umeisogeza mara tatu na simu hapokei, lifunge kama limekosekana na uandike sababu. Bosi atanuna, ila asiagize mzigo kwa pesa ambayo haipo.

Kama hela ya programu huna, Odoo wana toleo la bure, hatua unazivuta kwa mausi. Hata daftari lenye safu nne linafaa, ila kujumlisha ni juu yako.